Nilivyounganisha mashine ya oksijeni na tochi ya kuchomea vioo nyumbani Kiogoro, mpaka kanisa likaja kuniombea nipone

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio kazini na mliokaa tu nyumbani kama mimi.

Juzi kuna member ameuliza kwenye uzi mwingine kama mashine ya oksijeni ya wagonjwa, ile oxygen concentrator, inaweza kuendesha tochi ya kuchomea vioo. Jibu fupi ni ndiyo. Jibu refu ni hili hapa, na nimekaa nalo tangu miaka ya tisini.

Sina picha. Ushahidi wa maandishi uko kwenye kitabu cha kumbukumbu cha kanisa letu, na humo sijasifiwa. Kwa hiyo sina faida yoyote ya kuongeza chumvi.

Nitaandika kwa vipande vifupi. Macho yangu yamechoka, na sababu mtaiona.

Nilikuwa fundi wa maabara kwenye shule moja ya sekondari upande wa Nyamira. Nyumbani ni Kiogoro, nje kidogo ya mji wa Kisii. Kila asubuhi nilikwenda, kila jioni nikarudi. Watu wa kwetu waliniita Mwalimu, ingawa sikuwahi kushika chaki. Ukivaa koti jeupe shuleni, wewe ni Mwalimu, basi.

Nikiwa kijana nilipelekwa mafunzo ya miezi kadhaa Nairobi, kwenye karakana ya vioo vya maabara. Huko nilijifunza kulainisha kwa moto mdomo wa chupa uliovunjika, kuunganisha mrija, na kuvuta ncha mpya ya bureti.

Kwa wasiosoma kemia: bureti ni ule mrija mrefu wa kioo wenye alama za vipimo, una koki chini na ncha nyembamba ya kudondoshea. Ncha ikivunjika, bureti imekufa. Na wanafunzi huvunja ncha kila muhula.

Karakana ile ilipokuwa inatupa vifaa vya zamani, niliomba tochi moja. Si tochi ya kumulika, wakuu. Ni kichomeo cha kukaa mezani, kinachochanganya gesi ya kupikia na oksijeni. Gesi peke yake haiyeyushi kioo kigumu cha maabara. Utapuliza mpaka uchoke, kioo kitakuangalia tu.

Kwa hiyo tochi ilikaa kwangu miaka mingi bila kazi. Oksijeni ya mtungi ilipatikana Kisumu, na hakuna basi lililokubali kubeba mtungi ule. Makanga mmoja aliniuliza kama nataka wote wafike mbinguni kabla ya Oyugis.

Sasa tufike kwenye shida yenyewe.

Muhula wa tatu wa mwaka mmoja, wanafunzi waligoma. Sitasema walidai nini, na sasa haina maana. Walipomaliza na bweni, walikuja maabara. Kesho yake nilifagia kioo kwa koleo. Hata jenereta ya shule ilipigwa mawe.

Shule ilifungwa, wakaitwa form four peke yao warudi kufanya mtihani wa kitaifa. Walikuwa hamsini na sita. Mtihani wa vitendo wa kemia tungewagawa makundi mawili, kwa hiyo tulihitaji bureti ishirini na nane. Zilizobaki nzima zilikuwa saba.

Muuzaji wa Nairobi alisema mzigo utafika baada ya mwezi. Mtihani ulikuwa baada ya wiki mbili.

Mwalimu mkuu, mama mmoja mkimya, aliniita ofisini. Hakunipigia kelele.

"Bwana Ombati, wale waliovunja hawako hata kidato cha nne. Wengi walikuwa form two. Lakini watakaokosa alama ni hawa."

Nikamwambia kati ya zile zilizovunjika, ishirini na moja zimevunjika ncha au mdomo tu. Zinatengenezeka. Nikipata oksijeni.

"Basi ipate," akasema.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Mzee Jayanti.

Mzee Jayanti alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii. Alizaliwa hapo hapo, na Ekegusii chake kilikuwa kizuri kuliko cha shemeji zangu waliokulia Nairobi. Mke wake aliugua mapafu kwa muda mrefu, na ndugu zao wa Uingereza walimletea mashine ya oksijeni ya kutumia nyumbani. Kila mtu aliyenunua msumari Kisii miaka ile alimwona mama yule amekaa kwenye veranda ya duka, mpira puani, mashine ikihema kando yake. Halafu siku moja kiti kikawa kitupu.

Ikumbukeni mashine ile, wakuu. Mji mzima uliijua.

Nilimkuta nyuma ya kaunta, akanisalimu kwa Ekegusii, halafu akahamia Kiswahili chake cha Kihindi cha dukani.

"Bwakire buya, Mwalimu. Nataka nini leo? Simiti imepanda."

Nikamweleza shida yangu. Alisikiliza huku anapanga bawaba kwenye boksi, kubwa chini, ndogo juu.

"Iko stoo. Mimi napita hapo kila siku naona yeye imefunikwa na shuka. Wewe chukua. Nafanyia watoto kazi, si ndiyo? Chukua. Lakini safisha chujio kila wiki. Mama alikuwa kali sana juu ya chujio."

Alikataa kabisa kuongea habari ya bei. Alinifungia mashine kwa kamba ya katani kwenye pikapu lake, na shuka akabaki nalo.

Sasa, kwa yule member aliyeuliza, nilivyoiunganisha ni hivi.

Mashine inavuta hewa ya kawaida, inaipitisha kwenye mitungi miwili yenye punje nyeupe zinazokamata naitrojeni, inatoa oksijeni. Kwa hiyo hewa inayoivuta lazima iwe safi na kavu. Usiiweke chumba kimoja na moto. Mimi niliiweka chumbani kwetu cha kulala, karibu na dirisha, nikatoboa ukuta wa udongo na kupitisha mpira hadi stoo, ambako tochi ilikuwa mezani. Kichupa cha maji kinacholainisha hewa ya mgonjwa nilikitoa. Moto hautaki maji.

Mtungi wa gesi niliuweka nje ya ukuta, na kila mpira nikauwekea kizuizi cha moto usirudi nyuma. Dirisha la stoo lilikaa wazi. Maungio yote niliyapaka povu la sabuni kutafuta mahali panapovuja.

Mpira ulikuwa mgumu kuingia kwenye tochi. Mke wangu, Mama Kemunto, akaja na kopo la mafuta ya kukamulia. Nyumba yenye ng'ombe huku kwetu, mafuta hayo ndiyo dawa ya kila kitu: chuchu za ng'ombe, miguu ya watoto, mlango unaolia. Alikuwa ameshachota kidole kizima. Nilimshika mkono kwa nguvu mpaka akashtuka.

"Mafuta na oksijeni vikikutana kwenye moto, hatuna nyumba," nikamwambia.

"Ungesema tu. Umenivunja kidole kwa sababu ya kopo."

Tukaulainisha mpira kwa maji ya moto. Ukaingia. Member, kama hutakumbuka kingine katika uzi huu, kumbuka kopo hilo.

Nikawasha. Moto wa gesi ukatoka wa manjano, mpana, mvivu. Nikafungua oksijeni taratibu hadi kigololi cha kipimo kikafika lita tano kwa dakika. Moto ukajikusanya, ukawa wa bluu, ukaanza kuunguruma kwa sauti nyembamba. Nilikuwa sijausikia tangu ujana. Nilivuta ncha moja, ikatoka nyoofu kama sindano. Nikaizika kwenye chungu cha majivu ya moto kutoka jikoni ili ipoe polepole isipasuke.

Nikajiambia, ishirini zilizobaki ni kazi ya siku mbili.

Halafu kinu kikaanza.

Jirani yetu wa chini, Mzee Nyabuto, alikuwa na kinu cha kusaga unga kinachotumia stima. Sisi na yeye tulikuwa kwenye transfoma moja. Motor yake ikianza, balbu zetu zilibadilika rangi zikawa kama ndizi mbivu. Nilipima kwa mita ya shule: kutoka volti mia mbili na thelathini hadi mia moja na sabini. Mashine ya Mzee Jayanti ikaanza kulia pii, pii, pii. Kigololi kikashuka. Moto wangu ukarudi kuwa wa manjano na kioo kikashika masizi.

Kinu kilianza alfajiri, na stima ikiwapo hakikuzimwa mpaka magharibi. Mtasema basi fanya kazi jioni. Msimu ule mvua ilikuja karibu kila siku baada ya saa nane, na mvua ya Kisii haiji bila radi. Radi ikipiga mara mbili, stima inapotea hadi asubuhi. Kwa hiyo asubuhi kulikuwa na stima na kinu. Jioni hapakuwa na kinu wala stima.

Wiki nzima niliomba ruhusa shuleni, nikavizia dakika ambazo Nyabuto anabadilisha mkanda wa motor au anakula. Wiki nzima nilipata bureti tatu zaidi. Jumla nne. Zikabaki kumi na saba, na mtihani ulikuwa Jumanne.

Najua mnachotaka kuuliza. Kwa nini sikuteremka hatua mia mbili nikamwomba azime?

Wakuu, Nyabuto alipokuwa anaomba kuwekewa stima ya kinu, mimi ndiye niliyeandika barua kwa watu wa stima kulalamika kwamba tutakaa gizani. Barua nzuri, ya mtu aliyesoma. Ilimchelewesha miezi. Hakuwahi kunitajia. Tulisalimiana kila Sabato, "Sabato njema, Mzee," "Sabato njema, Mwalimu," na barua ile imekaa katikati yetu kama mtu wa tatu.

Nilifanya hesabu ya volti, ya lita na ya saa. Hesabu ya kwenda kuomba sikutaka kuifanya.

Ijumaa hiyo mvua ilitukwepa, stima ikabaki, na jua lilipozama kinu kilizimwa. Nilikuwa nimesimama uani, na nikaelewa kitu ambacho nilikuwa nakikwepa siku zote hizo.

Sisi ni Wasabato. Nyabuto ni Msabato, tena mzee wa kanisa. Siku pekee katika wiki ambayo kinu kingekaa kimya kuanzia asubuhi, na stima ije imejaa, ilikuwa ile ambayo sikuruhusiwa kugusa kazi.

Mke wangu aliniona ninavyoangalia balbu.

"Usiniambie," akasema.

"Ni watoto hamsini na sita."

"Nimesema usiniambie. Mimi nitaenda kanisani na watoto wangu. Wakiniuliza, sitasema uongo siku ya Sabato. Ujue hivyo."

Asubuhi walikwenda. Nilisubiri mpaka hatua za mwisho zilipopita njiani, nikawasha.

Nitasema ukweli, ilikuwa siku nzuri ya kazi kuliko zote maishani mwangu, na sikuifurahia hata dakika moja. Volti hazikutikisika. Moja, mbili, tatu. Kuvuta ncha, kulainisha, kuzika kwenye majivu. Kila nilipoinama niliona mikono yangu kama ya mtu mwingine.

Kwetu kuna desturi. Mtu akikosa ibada, baada ya chakula cha mchana wazee na akina mama wa Dorkasi, kile kikundi cha huduma cha kanisa, hupita kumwona. Asiyekuja kanisani amefungwa na kitu, na kitu hicho kwa kawaida ni ugonjwa. Niliijua desturi hiyo. Nimewahi hata kutembelea watu mimi mwenyewe. Lakini nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilisahau kuwa mimi pia ni mtu wa kutembelewa.

Nilikuwa na ya nane motoni niliposikia sauti kando ya dirisha la chumba cha kulala. Siku nyingine kinu kingezifunika. Siku hiyo bonde lote lilikuwa kimya.

"Mama Kemunto, hatukumwona mzee kanisani." Ilikuwa sauti ya Nyabuto.

"Yuko ndani."

"Ni mgonjwa?"

Mke wangu hakujibu. Na katika ukimya huo mashine ikafanya kazi yake pale dirishani: tsss, puf. Tsss, puf.

"Hiyo," akasema mama mmoja wa Dorkasi kwa sauti ya chini, "si ile mashine ya mke wa Jayanti?"

"Ndiyo hiyo," akasema mke wangu.

"Uuuwi. Imefika huko?"

"Na alikuwa Nyamira juzi tu na koti lake!"

"Mapafu hayana salamu, dada. Mama yangu yalimchukua hivyo hivyo."

Nyabuto akauliza kama wanaweza kuniona.

"Hawezi kutoka sasa," akasema mke wangu. Na hilo lilikuwa kweli kabisa. Kioo kikiwa chekundu hivyo, ukikiweka chini kinapasuka.

"Basi tusimsumbue. Tumwombee hapa hapa."

Wakuu, waliimba. Beti mbili za wimbo wa kuwafariji wagonjwa, sauti zote nne zikiwa zimepangika. Halafu Nyabuto akaomba. Aliomba Mungu anirudishie pumzi. Alinitaja jina langu na la marehemu baba yangu. Alisema mimi ni mtu wa haki, mtu asiyemnyima jirani. Akasema kama kuna neno lolote kati yangu na mtu, leo lifutwe.

Nami niko upande wa pili wa ukuta, nazungusha bureti kwenye moto, jasho linaingia machoni, siwezi kupangusa. Niliposikia "Amina" nilivuta ncha. Ilitoka nzuri.

Ningeweza kufungua mlango. Nilikuwa na muda, kabla hawajafika njiani. Sikufungua. Nilijiambia nimalize kwanza. Mvua ikaja, radi ikapiga, stima ikaenda. Zilibaki tisa.

Mke wangu aliingia stoo na taa ya mafuta ya taa.

"Sikusema uongo," akasema. "Lakini ukweli pia sikuusema. Huo ulikuwa wako."

Jioni vitu vikaanza kuja. Mkungu wa ndizi. Maziwa kwenye kibuyu. Jogoo. Binamu yangu alifika kutoka Nyamache amelowa, akakaa sebuleni na kuniangalia kifua kwa makini, akauliza kwa upole kama shamba la chini nimeshalipima. Nikamwambia niko sawa. Akamgeukia mke wangu na kutikisa kichwa. Wagonjwa wote husema hivyo.

Sikusema lolote usiku huo. Nililala karibu na ile mashine, imezimwa, na bado niliisikia.

Jumapili asubuhi niliamka nikajua kuna kitu hakipo.

Kinu.

Jumapili ndiyo siku kubwa ya Nyabuto. Soko ni karibu, Wakatoliki wakitoka misa wanapitia na debe la mahindi. Foleni hufika barabarani. Siku hiyo hata mlio mmoja. Nikapima: mia mbili na thelathini na tatu.

"Kinu kimeharibika?" nikauliza.

Mke wangu alikuwa anachuja maziwa, hakuinua uso. "Amekifunga. Amewaambia watu mgonjwa hawezi kugawana stima na unga."

Nikaenda dirishani. Akina mama walikuwa wanapanda njia, mahindi yao vichwani, hayajasagwa. Walipokaribia nyumba yetu walipunguza sauti. Mmoja alikuwa ananung'unika kwamba ametoka mbali, na mwenzake akamwambia, "Wacha apumue. Watoto watakula ndizi leo."

Sikunywa chai. Nilivaa viatu nikateremka.

Nyabuto alikuwa amekaa juu ya gunia mbele ya mlango wa kinu uliofungwa, ameshika mikono, kama mtu asiyejua kukaa bila kazi. Aliponiona alisimama haraka.

"Mwalimu! Nani amekuruhusu utoke kitandani?"

"Sikuwa kitandani, Mzee. Siumwi."

Nikamwambia yote, nimesimama, toka mgomo mpaka ile "Amina" yake. Sikuruka kitu. Vumbi la unga lilikuwa kwenye nyusi zake na sikuweza kusoma uso.

Alikaa tena juu ya gunia.

"Kwa hivyo jana tuliombea chupa."

"Ni bureti, Mzee."

"Chupa. Na maombi yangu ulikuwa unasikia?"

"Yote."

"Yalikuwa marefu?"

"Yalikuwa marefu, Mzee."

Akapangusa uso kwa kiganja, unga ukasambaa zaidi. Nilingoja matusi. Nilikuwa nayahitaji, kusema kweli.

"Imebaki ngapi?"

"Tisa."

Akaangalia mawingu upande wa Manga. "Mvua itafika saa nane. Nenda umalize. Kinu nimeshafunga, na wale akina mama siwezi kuwaita mara mbili."

Nikageuka. Akaniita.

"Mwalimu. Ile barua yako ya watu wa stima, nilipewa. Iko nyumbani kwa sanduku. Ungekuja kwangu Jumatano, ningekutukana kidogo, halafu ningezima."

Nilipanda ule mlima mdogo taratibu kama mgonjwa wa kweli.

Nilimaliza ya tisa dakika chache kabla ya mvua. Jumatatu nilizifunga kwenye magazeti na kuzipeleka shuleni nikiwa nimezipakata magotini safari nzima. Jumanne watoto wakaingia, kundi la kwanza, kundi la pili. Moja ilipasuka ncha mkononi mwa msichana, kwa sababu niliitoa kwenye majivu kabla ya wakati. Nilikuwa na ya akiba, ile niliyotengeneza mwenyewe siku za mafunzo. Alimaliza nayo. Wote hamsini na sita walimaliza.

Mwalimu mkuu aliniambia asante mlangoni, akaenda kusimamia fizikia. Kilichosemwa kilikuwa hicho tu, na kilitosha.

Wiki iliyofuata niliitwa kwenye baraza la kanisa. Mwenyekiti wa kikao alikuwa Mzee Nyabuto. Aliongea juu ya ng'ombe aliyeanguka kisimani siku ya Sabato, kwamba mtu anaruhusiwa kumtoa. Akasema bureti zangu zingeweza kuhesabiwa kama ng'ombe huyo, na angenitetea. "Lakini ulituacha tuimbe," akasema. "Kwa hilo sina andiko la kukutetea."

Nilipewa karipio la miezi sita. Alilisoma mwenyewe mbele ya kanisa, kwa sauti ile ile aliyoombea nayo dirishani. Akateremka, akanishika mkono, na nilihisi unga kwenye kiganja chake, hata siku ya Sabato.

Nilikaa benchi la nyuma miezi sita. Jogoo nilimrudisha. Mama mwenye jogoo alikataa kumpokea, akasema kilichotolewa kwa maombi hakirudi, nikile na aibu yangu.

Niliendelea kutengeneza vioo vya shule za Kisii na Nyamira kwa miaka mingine kadhaa, mpaka macho yakaanza kuona wingu. Ule mwanga wa manjano wa kioo motoni unahitaji miwani yake maalum, na mimi nilitumia ya kawaida. Hilo nalo lishikeni.

Mnaotaka kufanya hivi nyumbani, upande wa vyombo mmesikia: hewa safi, dirisha wazi, hakuna mafuta, majivu ya kutosha, miwani sahihi, volti zilizotulia. Kama volti hazitulii, tafuta nani mko naye kwenye transfoma moja, uende kwake kwa miguu, kabla hujaanza kupiga hesabu. Atakutukana kidogo.

Kitu kimoja cha mwisho. Baada ya mambo hayo, kila Jumatano kuanzia saa sita hadi saa nane kinu cha Nyabuto kilikaa kimya. Wateja wake waliambiwa motor inapumzika. Ilikuwa hivyo mpaka alipozeeka na kukiuza. Hakuwahi kuniambia ni kwa ajili yangu, na mimi nilikaa mezani na moto wangu wa bluu, Jumatano baada ya Jumatano, na hilo pia sikuteremka kumuuliza.

Sasa ni marehemu.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Maswali ya mipira na gesi nitajibu ninavyoweza. Na wale mnaojua andiko ambalo lingenitetea kwa ule wimbo, liwekeni hapa chini. Nimelitafuta muda mrefu.